Je, Wajua? Mawakili wa Mzee Kenyatta Walilala Kitale!

Je, wajua kwamba mwishoni mwa 1952 Kitale ilijaa wanasheria wa kimataifa? Jomo Kenyatta na wenzake 5 walishtakiwa Kapenguria, na Kapenguria haikuwa na hoteli hata moja. Basi mawakili wao walilala Kitale: karibu kilomita 40 kwenda kortini, 40 nyingine kurudi!

Na walitoka wapi? Kaa vizuri, ndugu yangu. Kiongozi wao, D. N. Pritt, alitoka Uingereza. Dudley Thompson alikuwa Mjamaika, H. O. Davies Mnigeria, na Chaman Lall mbunge wa India. Waongeze Fitz de Souza, Achhroo Kapila na Jaswant Singh wa hapa hapa Kenya. Mabara manne, kesi moja!

Aprili 1953 hukumu ikatoka: miaka 7 na kazi ngumu. Sasa hesabu nami. Juni 1963, Kenyatta huyo huyo aliapishwa kuwa Waziri Mkuu!

Ngoja, usiondoke. Januari 1960, wajumbe Waafrika walikwenda London kujadili katiba ya Kenya, na Masinde Muliro wa Kimilili alikuwa kati yao. Unajua nani aliwashauri kuhusu sheria? Thurgood Marshall, wakili Mmarekani mweusi! Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Mshauri wetu kwanza, jaji wao baadaye!

Na wewe uliyesoma Kibabii, sikia hili. Chuo chako kilianza 2011 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kikapata hati yake 2015. Kumbe Muliro yumo hata kwenye historia yako!

Na huko kwao Muliro, Bungoma, Wabukusu wa zamani waliishi ndani ya ngome za kuta za udongo. Kiongozi wa ngome, omukasa, alikaa na wazee kabla ya kuamua jambo zito. Wazee hao ndio waliokuwa baraza lake la mawaziri!

Leo Bungoma ina wadi 45, lakini gavana na naibu wake wanaruhusiwa mawaziri 10 tu wa kaunti. Kumi!

Na usalama wa nchi nzima je? Baraza la Taifa la Usalama lina watu 9, Rais mwenyewe akiwemo. Wapakie wote kwenye matatu moja ya Kitale, na bado makanga ataita abiria!