Kinga na Kinga Ndipo Moto Uwakapo: Somo la Mwiba Huko Lodwar

Siku yangu ya kwanza darasani Lodwar niliingia na mwiba. Nilikuwa nimeuchuma asubuhi ile kwenye mgunga, nikiwa njiani kutoka upande wa mto Turkwel, pale ambapo mikoma imesimama kwa safu kama minazi ya kwetu iliyokosa bahari. Wanafunzi walikuwa wa mwaka wa kwanza wa utabibu, vijana wa kike na wa kiume, na kila mmoja alikuwa na kitabu kinene mezani. Niliwaomba wavifunge vitabu vyao. Kisha nikauinua ule mwiba juu na kuuliza, "Nani hapa hajapata kuchomwa na huyu?"

Hapana aliyenyosha mkono. Walicheka tu. Mtoto wa Turkana huanza kuchunga mbuzi angali mdogo, na mgunga haumwonei mtu haya.

Mimi ni mtu wa pwani. Nilistaafu kazi ya utabibu, nikaalikwa kufundisha kwa muhula mmoja huko kaskazini. Somo nililopewa ni lile linalowatisha wanafunzi wengi wapya: kinga ya mwili, maambukizo, na ule moto wa mwili ambao wataalamu wa lugha huuita mchochota. Vitabu vyake vimejaa majina marefu ya kuvunja ulimi. Lakini mambo yenyewe, msomaji, yamo katika unyayo wa kila mmoja wetu.

ALAMA NNE ZA MRUMI

Niliwauliza: mwiba ukiingia, siku ya pili huwaje? Mmoja akasema, "Pauma." Mwingine akasema, "Pavimba." Wa tatu akasema pana joto. Nikangoja ya nne, haikuja. Basi nikawaambia kuwa karibu miaka 2,000 iliyopita Mrumi mmoja, jina lake Celsus, aliziandika alama hizo hizo tatu, na ya nne akaandika wekundu. Baadaye wakaongeza ya tano, kwamba kiungo hakifanyi kazi yake. Mwenye mwiba huchechemea.

Kwa nini wao hawakuutaja wekundu? Kwa sababu Celsus alitazama ngozi nyeupe. Katika ngozi zetu wekundu hujificha, na mganga anayengoja kuuona atachelewa. Niliwafundisha kuweka mgongo wa kiganja juu ya mahali panapouma, kisha juu ya mguu wa pili ulio mzima, wapime tofauti ya joto. Hilo ni jambo dogo, lakini huokoa watu.

Kisha nikawasimulia habari ya kiti cha pweza. Wanafunzi wale wengi wao hawajaiona bahari. Ziwa lao wanalijua, lakini kiti cha pweza hakimo ziwani. Nikawachorea ubaoni yule mdudu wa mikono mitano ambaye watoto wetu humwokota maji yakikupwa. Mwaka 1882, katika mji wa Messina huko Sicily, mtaalamu wa Kirusi, Élie Metchnikoff, alichukua watoto wa kiti cha pweza, ambao mwili wao hupenya mwanga kama kioo, akawachoma miiba midogo aliyoitoa bustanini mwake. Asubuhi yake akatazama kwa hadubini. Chembe ndogo zilikuwa zimeuzunguka mwiba pande zote, zinajaribu kuula. Hapo akafahamu kuwa mwili una askari wake. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich.

"Basi ni mwiba tu?" akauliza kijana mmoja wa nyuma. Naam, ni mwiba tu.

UKELELE WA MWIZI

Mambo huenda hivi. Ngozi ni ukuta wa nyumba. Mwiba ukiutoboa, vijidudu vilivyo juu ya mwiba na juu ya ngozi huingia ndani. Humo chini ya ngozi wamo walinzi wanaokaa siku zote, na mara moja hupiga ukelele kama mtaani mtu anapopiga ukelele wa mwizi. Ukelele wao si sauti, ni kemikali. Mishipa midogo ya damu ikizipata hutanuka, damu ikaja kwa wingi. Ndiyo joto na ndio wekundu. Kuta za mishipa hulegea, maji yakavuja, ndio uvimbe. Neva huamshwa, ndiyo maumivu. Na katika saa chache chembe nyeupe za damu hupenya na kufika kwa maelfu, zikavimeza vijidudu, nazo zenyewe zikafa hapo hapo. Usaha tunaoukamua katika jipu ni mizoga ya askari hao pamoja na adui zao.

Wahenga wa pwani walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga ya methali ile ni kijinga cha moto, ukuni unaowaka, wala si kinga ya kujikinga. Lakini kila ninapofundisha somo hili huona kana kwamba lugha yetu ilijua zamani kuwa mambo hayo mawili ni jirani. Kinga ya mwili huwasha moto. Mganga asiyelijua hilo huuona moto akadhani ndio maradhi.

Wakati huo huo, walinzi wengine hubeba vipande vya vijidudu mpaka kwenye tezi. Mwenye kidonda cha mguu akipapasa kinenani huukuta mtoki, na bibi zetu walijua kusema, "Una mtoki, hebu nitazame mguu wako." Walisema kweli. Mtoki ni darasa. Humo chembe maalumu huonyeshwa sura ya adui, na ile inayomtambua huzaana kwa siku kadhaa mpaka ikawa jeshi. Baadhi yake hutengeneza kingamwili, na baadhi hubaki miaka mingi na kumbukumbu. Adui akirudi, hapotezi mtu wakati kumuuliza jina.

Nayo homa? Zile kemikali za kidondani husafiri na damu mpaka kwenye ubongo, na ubongo ukaamuru mwili uongeze joto. Sisi Waislamu twaijua hadithi ambayo Mtume (S.A.W.) aliwafananisha waumini na mwili mmoja: kiungo kimoja kikilalamika, mwili wote hukesha nacho na kuingiwa na homa. Darasani mle walikuwamo Waislamu wachache, na Wakristo wengi. Niliieleza, wote wakatikisa vichwa. Yule aliyewahi kulala na jipu anaelewa.

KIDONDA KILICHOPOA

Hapo ndipo nilipowaambia jambo ambalo sikuwa nimepanga kuwaambia.

Nilipokuwa kijana, mhudumu katika zahanati moja ya pwani, bibi mmoja aliniletea mjukuu wake wa miaka minane au tisa. Alikuwa amechomwa na mwiba penye zizi la punda. Mguu ulikuwa umefura kidogo, una joto. Niliutoa mwiba, nikaosha, nikafunga, nikampa vidonge vya kutuliza maumivu. Siku ya tatu bibi akamrudisha. Uvimbe umekwisha, joto limekwisha, mtoto anacheka. Bibi akaniombea dua: "Mungu akubariki, mwanangu." Nami nikafurahi, nikawaaga.

Sikumuuliza kama mtoto alipata kuchanjwa.

Siku ya tisa walimleta amebebwa. Taya zimefunga. Mlango ulipogonga, mgongo wake ukapindika kama upinde. Watu wa mtaani walisema ni pepo, na jina lenyewe, pepopunda, lasema hivyo. Lakini hapakuwa na pepo. Kijidudu cha pepopunda huishi udongoni na katika mavi ya wanyama. Kikiingia katika kidonda chenye kina, kisichopata hewa, hukaa kimya. Hakiwashi moto mkubwa. Hutoa sumu tu, nayo ni kali mno hata chembe isiyotosha kuuamsha mwili kuweka kumbukumbu yatosha kumuua mtu. Ndiyo maana hata aliyepona pepopunda hubidi achanjwe, kwa kuwa maradhi yenyewe hayamwachii kinga.

Mtoto yule alifariki usiku wa pili. Bibi hakunilaumu. Alisema ni kudra. Kudra naiamini, lakini najua pia kwamba nilikitazama kidonda kilichopoa nikasema salama, na sindano ilikuwa rafuni.

Darasa lilinyamaza. Nikawaambia: moto ukiwaka, uliza nani kauwasha, na usipowaka, usidhani hapana mtu ndani.

KUCHANJA NA CHANJO

Neno chanjo tumelipata katika kuchanja, kukata ngozi. Wazee wetu walio na kovu la ndui juu ya mkono wanalijua vizuri. Elimu hii haikuanza Ulaya peke yake. Al-Razi, tabibu aliyeandika kwa Kiarabu yapata miaka 1,100 iliyopita, ndiye aliyeacha kitabu mashuhuri cha kutenga ndui na surua. Waturuki walikuwa wakichanja watoto wao kwa usaha wa ndui, na mke wa balozi wa Kiingereza, Lady Mary Wortley Montagu, aliyeyaona hayo kwao, aliipeleka desturi hiyo London mwaka 1721. Mwaka 1796 Edward Jenner akatumia ndui ya ng'ombe, iliyo nyepesi zaidi.

Lakini mtu niliyewasimulia kwa kirefu ni jirani yetu, Ali Maow Maalin wa Merka, mji wa pwani ya Somalia. Alikuwa mpishi wa hospitali. Oktoba 1977 gari lililobeba watoto wawili wagonjwa wa ndui lilihitaji mtu wa kulionyesha njia, naye akapanda. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Siku kadhaa baadaye akashikwa na homa. Wakadhani malaria, kisha wakadhani tetekuwanga. Ilikuwa ndui. Alipona, na baada yake hapana mtu duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imetoweka.

Kwa nini mfanyakazi wa hospitali hakuwa amechanjwa? Mwenyewe alieleza: aliogopa maumivu ya mkono. Alikimbia moto mdogo. Baadaye aliifanya aibu ile kuwa kazi. Alizunguka Somalia akiwashawishi wazazi wawachanje watoto polio, akiwapa kisa chake mwenyewe. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo hiyo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

MOTO UNAOUNGUZA MWENYEWE

Lakini kinga nayo yaweza kumdhuru mwenyewe, na Turkana ina mifano miwili ambayo mwalimu hahitaji kuitafuta mbali.

Wa kwanza ni vikope. Kijidudu chake huenezwa kwa mikono, nguo na nzi kutoka jicho hadi jicho, hasa penye uhaba wa maji. Mtoto huambukizwa, akapona, akaambukizwa tena. Kila mara kope huwaka kwa ndani na kuacha kovu. Baada ya miaka mingi makovu huikunja kope, nyusi za kope zikageuka ndani na kuikwaruza mboni kila mtu anapopepesa. Upofu haukuletwa na kijidudu peke yake. Umeletwa na moto uliowashwa mara nyingi mno.

Wa pili ni uvimbe wa tegu wa mbwa. Turkana imejulikana duniani kwa ugonjwa huu, na tangu mwaka 1983 shirika la AMREF liliendesha huko mradi wa kuupiga vita. Mayai ya tegu hutoka na mavi ya mbwa. Mtu akiyameza, hujengeka mfuko wa maji, mara nyingi kwenye ini, ukakua miaka na miaka. Mwili hauwezi kuuteketeza, hivyo huujengea ukuta. Mgonjwa aweza kutembea na tumbo kubwa bila homa. Lakini mfuko ukipasuka, mwili uliokwisha kuujua huripuka wote mara moja, na mgonjwa aweza kufa kwa dakika chache. Sisi tuliofunzwa tangu utotoni kujitwaharisha na mbwa tusiwacheke wafugaji hawa. Mbwa wao ndiye mlinzi wa mbuzi na wa mtoto.

KAKUMA

Mwisho wa muhula tulikwenda Kakuma. Kambi ile ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, kando ya mto Tarach ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na leo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu zaidi ya laki mbili. Wamo watu wa Sudan Kusini, wa Kongo, wa Burundi, na Wasomali wengi ambao adhana yao niliisikia kabla gari halijasimama.

Mama mmoja wa Kisomali alikuja na mtoto wake wa wiki sita aliyechanjwa siku iliyopita. Alikuwa na hasira. "Mlimpa maradhi," alisema. "Jana alikuwa mzima." Paja la mtoto lilikuwa na joto, naye alilia.

Mwanafunzi wangu mmoja, msichana aliyelelewa humo humo kambini, alichuchumaa mbele yake. Kwanza hakusema kitu. Aliweka mgongo wa kiganja kwenye paja hili, kisha kwenye paja lile. Akapima homa. Akamuuliza mama kama mtoto ananyonya, na kama amekuwa mlegevu. Alipokwisha ndipo akasema, "Mama, mwili wake unajifunza. Joto hili ni la kusoma, litapoa kesho kutwa. Lakini akiacha kunyonya, au homa ikikaa, mlete hata usiku, usingoje." Kisha akamwambia, kwa Kisomali, kisa cha mpishi wa Merka. Mama alikuwa amekisikia kwao.

Walipoondoka msichana akanigeukia. "Mwalimu, niliuliza yote?"

Nikamwambia ndiyo, lakini la mwisho bado. Akafikiri kidogo, kisha akakimbia nje kumfuata mama yule, kumuuliza ana watoto wengine wangapi nyumbani, na kama wao wamechanjwa.