Kufumba na Fumbo: Chanzo na Mwisho wa Ibada za Siri za Eleusis

Mwanafunzi mmoja wa somo la tafsiri alileta swali lililotuchukua kipindi kizima. Kwa nini neno moja la Kigiriki, mysterion, katika Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka kwa Waprotestanti ni siri, katika sala za Wakatoliki ni fumbo, na kwa kupitia Kilatini limetupatia pia sakramenti? Makala haya yanajaribu kumjibu, na ili kumjibu hatuna budi kwenda Eleusis, mji wa pwani ulio kilomita 20 hivi kaskazini magharibi mwa Athens.

Tuanze na neno lenyewe. Wataalamu wengi hulihusisha na kitenzi chenye maana ya kufumba, iwe ni macho au mdomo. Aliyeingizwa katika ibada hizi aliitwa mystes, na sharti lake kubwa lilikuwa kufumba mdomo maisha yake yote. Msomaji ameshaona: Kiswahili nacho kina fumba, na kutokana na fumba kikapata fumbo. Lugha mbili zisizo na undugu zimepita njia moja. Siri tuliikopa kutoka Kiarabu na inafaa sana kwa habari iliyofichwa, lakini aliyechagua fumbo, kwa kujua au kwa bahati, aligusa shina la neno.

Chanzo cha ibada hizi kinasimuliwa katika utenzi wa kale wa kumsifu Demeter, mungu wa kike wa nafaka, uliotungwa katika karne ya 7 au ya 6 K.K. Hades, mfalme wa kuzimu, alimnyakua Persephone, binti ya Demeter. Mama akazunguka dunia akimtafuta, akafika Eleusis katika sura ya kikongwe, na kwa uchungu wake akaizuia ardhi isitoe mazao. Miungu ikasalimu amri. Lakini binti alikuwa amekwisha kula punje ya komamanga huko kuzimu, kwa hiyo kila mwaka humlazimu kurudi huko kwa muda. Demeter akawafundisha wakuu wa Eleusis ibada zake. Ni hadithi ya mkulima: mbegu hufukiwa, kisha huchipuka. Aliyeingizwa aliahidiwa hali njema baada ya kifo.

Nimekataa kumwita mystes mwari, ingawa baadhi ya wanafunzi walipendekeza hivyo, kwa sababu hapa hapakuwa na kuvuka rika. Waliingia wazee na vijana, wanawake na wanaume, hata watumwa. Masharti yalikuwa mawili: mtu asiwe na damu ya mwenzake mikononi, na ajue Kigiriki. Sharti hili la pili linatuhusu sisi watu wa lugha. Lililoamua ni ulimi, wala si kabila, ndiyo maana Warumi waliojifunza Kigiriki, kama Cicero na Kaisari Augustus, waliingizwa.

Sherehe kuu ilifanyika kila mwaka kati ya Septemba na Oktoba. Waumini walioga baharini, wakatoa kafara ya kitoto cha nguruwe, wakafunga, kisha wakaandamana kutoka Athens hadi Eleusis. Huko walikunywa kinywaji cha shayiri na majani ya mnanaa, wakaingia usiku katika ukumbi mkubwa wenye msitu wa nguzo. Ndani yake kulikuwa na mambo yaliyotendwa, yaliyosemwa na yaliyoonyeshwa. Kuyatoboa ilikuwa kosa la kifo. Mwaka 415 K.K. Alcibiades, jemadari mashuhuri wa Athens, alishtakiwa kwa kuyaigiza kwa mzaha nyumbani. Alikimbia, akahukumiwa kifo akiwa hayupo, na mali yake ikanadiwa. Mwishoni mwa karne ya 3 K.K. vijana wawili wa Akarnania waliingia pamoja na umati bila kujua. Walijifichua kwa maswali yao, maana mwenyeji asingeuliza vile. Wakauawa, ingawa ilikuwa wazi kwamba walikosea tu.

Uongozi ulikuwa mikononi mwa koo mbili, Eumolpidai na Kerykes. Kuhani mkuu, hierofanti, yaani mwonyesha vitakatifu, alitoka katika ukoo wa kwanza, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa mwiko kutamkwa akiwa madarakani. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye nguvu ya Eleusis, na pia udhaifu wake. Ibada za Isis na za Mithras zilisafiri bandarini na kambini. Za Eleusis zilifungwa kwa mahali pamoja, koo mbili na vinywa vichache.

Hata hivyo zilidumu zaidi ya miaka elfu moja. Wakostoboki walipovamia na kuchoma hekalu mwaka 170 B.K., Kaisari Marcus Aurelius alilijenga upya. Mwaka 364 Valentinian wa Kwanza alipiga marufuku kafara za usiku, lakini liwali wa Ugiriki, Praetextatus, alimshawishi kwamba Wagiriki wasingeweza kuishi bila ibada hizo. Sheria za Theodosius za mwaka 391 na 392 zilizokataza ibada za kipagani hazikupata mtetezi wa namna hiyo. Mnamo 395 na 396 majeshi ya Alaric yaliingia Ugiriki, na hekalu likaangamia.

Mwanahistoria Eunapius, aliyeingizwa Eleusis ujanani, anaeleza kwamba ukoo ulikuwa umeshakatika kabla ya hapo: hierofanti wa mwisho alikuwa mgeni kutoka Thespiai, tena kuhani wa Mithras. Eunapius anaandika wakati ambapo hekalu ni magofu. Lakini anapofika kwa hierofanti halali aliyemwingiza, anakataa kumtaja jina, kwa kuwa ni mwiko.

Mwanafunzi wetu aliamua kuandika mafumbo ya Eleusis. Nilimpa alama zake, nikamwomba aongeze tanbihi kuhusu kitenzi.