Kijani cha Bwawa la Samaki: Kipi Rafiki, Kipi Adui?

Askari arudipo nyumbani kwa likizo akakuta bwawa lake la samaki limegeuka kijani, swali lake la kwanza huwa: "Je, maji haya yameoza?" Jibu lake si moja. Kuna kijani kilicho chakula, na kuna kijani kiletacho kifo. Familia iliyochimba bwawa kwa jasho lake haina budi kuvitambua vyote viwili.

Sisi wakazi wa Kisinga tunaye mwalimu wa karibu, nalo ni Ziwa George. Kina chake ni kidogo, wastani wa meta 2.4 hivi, na maji yake ni ya kijani kwa wingi wa mwani mdogo mno. Wataalamu waliolichunguza katika miaka ya 1960 na 1970 walithibitisha kwamba ngege huula mwani huo, kwa kuwa tumbo lake lina asidi kali iwezayo kuusaga. Ngege wa bwawani naye hunufaika vivyo hivyo, maadamu mwani haujapita kiasi.

Kipimo chake ni mkono wako. Utumbukize wima, kiganja kikiwa kimekunjwa kutazama juu. Kiganja kikitoweka machoni maji yanapofika kiwiko, hali ni njema. Kikitoweka mapema zaidi, acha kutia samadi na uingize maji mapya taratibu. Kikionekana hata maji yakipita kiwiko, ongeza samadi kidogo.

Sababu ni hii: mchana mimea hutoa oksijeni, lakini usiku huivuta pamoja na samaki. Bwawa lililojaa kijani kupita kiasi huishiwa na hewa hiyo kabla ya mapambazuko. Mwandishi wa makala haya alipata kutia samadi nyingi akitaka samaki wanenepe upesi. Alfajiri moja aliwakuta wengine wakitweta juu ya maji, na wengine wamekwisha kufa.

Ama kuhusu majani makubwa zaidi, yapo yafaayo. Vijani vidogo vielavyo, visivyozidi punje ya dengu, pamoja na azola, ni chakula cha ngege, bata na kuku. Vizungushie mianzi ielayo, visifunike zaidi ya robo ya bwawa, na uvivune kila juma. Vikizidi mahitaji, vipeleke shambani viwe mbolea. Majani ya kingoni yafyekwe daima, kwani huwaficha nyoka, mbu, na konokono waenezao kichocho. Tena bwawa lizungushiwe ua imara kwa usalama wa watoto.

Adui mkubwa ni gugu maji lenye ua la zambarau, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini. Hapa Uganda lilionekana katika Ziwa Kyoga mwaka 1988, kisha likaenea Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1990 lilisonga magati na kuwazuia wavuvi kutoka, hata ikabidi waletwe fukusi wa kulila. Usilikaribishe bwawani kwa ajili ya urembo! Maji yetu huteremka vijitoni, huingia Mto Nyamugasani, nao humwaga katika Ziwa Edward. Mche mmoja ulioponyoka waweza kuwanyima wavuvi wengi riziki. Ukiuona, ung'oe na mizizi yake, uanike mbali na maji, kisha uuchome.

Askari na polisi huhamishwa mara kwa mara, na wengine huchukua vifaranga vya samaki kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Kabla ya safari, ondoa kila jani chomboni. Ufikapo, usimwage maji ya safari bwawani wala kijitoni. Yamwage nchi kavu. Baba akiwa kazini, mama na watoto wakubwa wapeane zamu ya kulikagua bwawa kila alfajiri. Samaki wakionekana wakitweta, maji mapya yaingizwe mara moja.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.