Mizabibu iking'olewa, moto hupata njia

KIJIJI cha Ribaute, kusini mwa Ufaransa, hakina wakazi hata 500. Kipo kando ya mto Orbieu, katika milima ya Corbières mkoani Aude, na kwa vizazi vingi riziki ya eneo hilo imetokana na mizabibu. Hapo ndipo moto ulipozuka mnamo Agosti 5, 2025, na kwa siku chache ukateketeza takriban hekta 16,000, eneo linalolishinda jiji la Paris kwa ukubwa.

Mwanamke mmoja aliaga dunia nyumbani kwake katika kijiji cha Saint-Laurent-de-la-Cabrerisse, nazo nyumba 36 zikaharibiwa. Ukanda wa Ufaransa unaopakana na bahari ya Mediterania haukuwa umeshuhudia moto mkubwa kiasi hicho kwa angalau miaka 50.

Joto, ukame na upepo mkali vilichangia pakubwa. Hata hivyo, wakulima na viongozi wa huko walitaja jambo jingine: mizabibu iliyong'olewa.

Je, mzabibu huzuiaje moto? Ifikapo Agosti, nyasi na vichaka vya milima hiyo huwa vimekauka. Mzabibu huwa ungali na majani mabichi, kwani mizizi yake huzama chini kutafuta maji. Isitoshe, hupandwa kwa safu zenye nafasi, na mkulima hupalilia katikati. Moto ufikapo shambani hukosa cha kula. Aghalabu huunguza miti ya pembeni kisha hupungua nguvu, na wazima moto wakapata pa kusimama.

Shamba likitelekezwa, magugu huota, vichaka hufuata, hatimaye misonobari. Pengo lililotenganisha msitu na nyumba huzibika.

Mbona basi mkulima ang'oe? Jibu limo sokoni. Katika miaka ya 1960, Mfaransa wa kawaida alikunywa zaidi ya lita 100 za mvinyo kwa mwaka. Siku hizi ni takriban lita 40. Mvinyo mwekundu, ambao ndio fahari ya Corbières, umepoteza wanywaji wengi, ilhali ukame umepunguza mavuno.

Mnamo 2024 serikali ilianzisha mpango wa kuwalipa wakulima euro 4,000 kwa kila hekta ya mizabibu wanayoing'oa. Maombi yaliyotolewa kote nchini yalifikia takriban hekta 27,000. Mkulima mwenye madeni na mvinyo usionunuliwa hawezi kulaumiwa kwa kuzipokea fedha hizo.

Kasoro imo katika hesabu yenyewe. Ilizingatia chupa zisizouzika, ikasahau kazi ya pili ya mzabibu ambayo hakuna aliyewahi kuilipia: kukilinda kijiji.

Si kwamba mizabibu pekee ingeuzima moto ule, kwani cheche zikipeperushwa huruka mbali. Hata mashamba yaliyonusurika hayakusalimika kikamilifu, maadamu moshi hupenya ganda la zabibu na kuutia mvinyo ladha ya majivu.

Baadhi ya wakulima wa kusini wamegeukia mizeituni, milozi na pistachio, na kondoo nao huweza kupunguza vichaka. Lakini miti hiyo huchukua miaka kuzaa, na kondoo huhitaji mchungaji. Yeyote atakayebaki kuitunza ardhi hiyo atastahili kulipwa kwa ulinzi anaoutoa, kama anavyolipwa kwa mavuno.