Mtoto Mdogo Safarini: Tumlipie Kiti au Tumpakate?



Kila zinapokaribia Krismasi, Idi na siku za likizo, swali moja hutufikia kutoka kwa wanachama wa viwanda vya Malukhu hapa Mbale, na kutoka kwa wenzetu wa Jinja na mashamba ya miwa ya Kakira. Mtoto wa mwaka mmoja, miwili au mitatu anaposafiri na wazazi wake, je, alipiwe kiti chake mwenyewe au apakatwe? Siku hizi swali hili linaulizwa hata juu ya ndege, kwa sababu wapo ndugu zetu wanaofanya kazi nchi za Ghuba na kupitia Entebbe wakienda na kurudi.

Wako wanaosema kwamba hilo ni swali la matajiri. Sisi hatukubali. Tajiri halihesabu, hulipa tu. Mwenye kuhesabu ni mfanyakazi, ambaye kiti kimoja zaidi ni posho ya siku kadhaa. Kwa hiyo yafaa tulieleze jambo hili taratibu, tuanze na ndege, kisha turudi kwenye basi na teksi zetu.

KANUNI ZA NDEGE

Mashirika mengi ya ndege duniani hufuata kanuni moja. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 huruhusiwa kupakatwa, na katika safari za nje nauli yake mara nyingi huwa kama sehemu moja ya kumi ya nauli ya mtu mzima. Akishatimiza miaka 2, ni lazima awe na kiti chake. Mambo matatu huwashtua wazazi wengi uwanjani:

1. Mtu mzima mmoja huruhusiwa kupakata mtoto mmoja tu. Mama mwenye pacha, akisafiri peke yake, lazima mmoja wao alipiwe kiti.

2. Umri huhesabiwa kwa kila safari. Mtoto akienda kabla ya kutimiza miaka 2, na akarudi baada ya kutimiza, atadaiwa kiti cha kurudia. Tazama tarehe ya kuzaliwa kabla ya kukata tikiti.

3. Nauli ndogo ya mtoto wa kupakatwa hainunui kiti. Ndege ikijaa, utakaa naye magotini mpaka mwisho wa safari. Kutoka Entebbe hadi Dubai ni zaidi ya saa 5.

Hiyo ndiyo kanuni. Lakini kuruhusiwa si sawa na kuwa salama, na ushahidi wake upo.

AJALI YA SIOUX CITY

Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya shirika la United ilikuwa safarini kutoka Denver kwenda Chicago, huko Marekani, ikiwa na watu 296. Injini ya nyuma ilipasuka, na vipande vyake vikakata mabomba ya mafuta yanayosukuma mitambo ya kuongozea ndege. Marubani walijitahidi mpaka wakafika kiwanja cha Sioux City, lakini ndege iligonga ardhi kwa kishindo na kuvunjika. Watu 112 walikufa na 184 walipona.

Katika ndege ile walikuwamo watoto wanne wa kupakatwa. Hawakuwa na viti wala mikanda. Kwa mujibu wa maagizo ya wakati ule, wazazi wao waliambiwa wawalaze sakafuni na kuwashika kwa nguvu. Ndege ilipogonga, mikono haikuweza kuwashika. Mtoto mmoja wa kiume alikufa. Mtoto mwingine, wa kike, alirushwa mbali na wazazi wake, akaokolewa na abiria aliyesikia kilio chake ndani ya moshi.

Mkuu wa wahudumu katika ndege hiyo, mama Jan Brown, ndiye aliyewapa wazazi maagizo yale kama alivyofundishwa. Yeye alipona, na kwa miaka mingi baadaye alidai sheria ibadilishwe, kila mtoto awe na kiti na mkanda wake. Tunalitaja jina lake kwa sababu alikuwa mfanyakazi kama sisi. Alifuata kanuni ya kazi, akaona kwa macho yake kwamba kanuni haimlindi mtu, akasema.

Serikali ya Marekani ilitoa jibu lake mwaka 2005. Ilikataa kuweka sheria hiyo, lakini haikusema kwamba kupakata ni salama. Ilisema kwamba familia zikilazimishwa kununua kiti cha ziada, nyingine zitaacha ndege na kwenda kwa gari, na barabara inaua watu wengi kuliko ndege. Wafanyakazi wayashike vizuri maneno haya, kwa sababu yanatuhusu sisi tulio barabarani kuliko walio angani.

NGUVU YA MIKONO INA MWISHO

Wazazi wengi husema, "Mimi mwanangu nitamshika." Hakuna anayetilia shaka upendo wa mzazi. Lakini tupige hesabu.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani kinakwenda mwendo huo huo. Gari likigonga na kusimama ghafula, mtoto hasimami, bali anaendelea mbele kwa mwendo ule ule mpaka azuiwe na kitu. Mtoto wa kilo 10, gari likisimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, atavuta mikono ya mama kwa nguvu ya kama kilo 140. Wenzetu wa viwanda vya sukari wanajua gunia la kilo 50. Hayo ni karibu magunia matatu yanayorushwa kwa pamoja, na mama hakupewa hata nafasi ya kujiandaa. Hakuna kuli anayeweza kuyadaka.

Hesabu ya pili: kugonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 10, yaani karibu ghorofa tatu. Na mwendo ukizidi mara mbili, pigo huwa mara nne. Basi katika njia ya Tirinyi haliendi kilomita 50.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na kwamba kiti maalumu cha mtoto, kikitumiwa sawasawa, hupunguza vifo vya watoto garini kwa kiasi cha asilimia 60. Kinachomwokoa mtoto ni kufungwa kwa mkanda unaomfaa, mahali panapomtosha. Kiti kitupu kisicho na mkanda kinampa nafasi ya kupumua, lakini hakimzuii asirushwe. Tusidanganyane juu ya jambo hili.

KATIKA BASI NA TEKSI ZETU

Teksi ya Hiace imeruhusiwa abiria 14. Konda akimwona mtoto wa kupakatwa, kwake huyo si mtu. Kiti cha watu watatu hukaa watatu na watoto wawili juu, na akipatikana wa nne anasukumwa hapo hapo. Mzazi aliyelipia kiti cha mtoto ana haki ya kukikataza kisijazwe. Aliyempakata hana la kusema.

Basi, tunawashauri wanachama hivi:

Kwanza, mtoto aliyekwisha kukaa vizuri peke yake alipiwe kiti kila inapowezekana, hasa katika safari ndefu kama Mbale hadi Jinja au Kampala. Chagua gari lenye mikanda inayofunga, na uikague kabla ya kulipa nauli.

Pili, kama lazima umpakate, usikae mbele karibu na dereva, wala karibu na mlango. Kaa katikati ya gari, nyuma ya kiti kingine.

Tatu, usifunge mkanda mmoja juu yako na juu ya mtoto. Gari likigonga, uzito wako wote utambana kwenye mkanda. Jifunge mwenyewe kwanza, kisha umshike mtoto juu ya mkanda. Mama asiyefungwa humwangukia mtoto wake.

Nne, usikae garini na mtoto amefungwa mgongoni. Mfungue, umlete mbele.

Tano, safiri mchana. Nauli ya usiku ikipungua kidogo, si faida.

Sita, na hili ndilo kubwa: usiokoe nauli kwa kumpandisha mtoto kwenye lori, trela la miwa au bodaboda. Hapo ndipo yanapotufaa maneno ya mwaka 2005. Anayekimbia gharama ya kiti na kuingia kwenye chombo cha hatari zaidi hakuokoa kitu. Kama pesa ni za viti viwili tu, ni heri kumpakata mtoto ndani ya basi zuri mchana kuliko kumpa nafasi yake juu ya lori.

PESA ZITOKE WAPI?

Tuseme nauli ya basi ni shilingi 30,000. Baba, mama, mtoto wa miaka 4 na mtoto wa mwaka mmoja wanasafiri. Wakilipia viti viwili ni shilingi 60,000. Wakilipia vitatu ni shilingi 90,000, mkubwa ana kiti chake na mdogo anapakatwa. Tofauti ni shilingi 30,000 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kwa mfanyakazi si pesa ndogo. Anayeweza aziweke pembeni kidogo kidogo tangu miezi mitatu kabla ya likizo, wala asingoje wiki ya sikukuu nauli zinapopanda.

Lakini mzigo huu si wa mzazi peke yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kwamba mfanyakazi aliyeajiriwa mahali palipo zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao ana haki ya kurudishwa kwa gharama ya mwajiri mkataba wake unapokwisha, au kazi inapokoma kwa ugonjwa au ajali. Na ikiwa mwajiri ndiye aliyeileta familia yake kazini, familia nayo hurudishwa kwa gharama ya mwajiri. Mtu wa Mbale aliyechukuliwa kwenda kukata miwa Jinja yumo ndani ya hesabu hiyo ya kilomita.

Sasa ulizeni: familia inapohesabiwa, mtoto wa miaka mitatu anahesabiwa kama nani? Karani akiandika "mtu mzima 2", mtoto amekuwa mzigo wa magotini. Mwakilishi wa chama katika tawi aisome karatasi hiyo kabla mfanyakazi hajatia sahihi, na adai mtoto aandikwe na nauli yake. Vivyo hivyo, mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri unapofanywa upya, kifungu cha nauli ya likizo kisiishie kwenye maneno "mfanyakazi na mwenzi wake". Kitaje watoto, na kiseme kuanzia umri gani kila mtoto analipiwa kiti. Pendekezo letu ni kufuata kanuni ya ndege: kuanzia miaka 2.

Tunayaomba matawi yote, ya viwandani na ya mashambani, yalizungumze jambo hili katika mkutano ujao na kutuletea maoni yao kwa maandishi. Kila mwanachama aje na hesabu moja: watoto wake ni wangapi, umri wao, na nauli ya kwenda kwao. Tukikaa mezani na mwajiri, hesabu hizo zitasema kuliko malalamiko.

Umoja wetu ndio nguvu yetu. Safari njema.