Chaneli Moja au Nyingi? Shauri Linalotukabili



Ndugu wasomaji, mpita njia wa usiku hapa Cedar Hill huziona taa nyekundu za milingoti mirefu inayorusha televisheni za Dallas na Fort Worth. Mmoja katika hiyo, uitwao Hill Tower, ulijengwa kwa ushirika wa stesheni mbili, WFAA na KDFW. Hewani zinagombania watazamaji. Chini ziliona busara kushirikiana chuma.

Mfano huo umetujia kwa sababu ya shauri linalotukabili. Jamaa zetu wamezoea kurikodi darsa, kasida na masomo ya watoto na kuyaweka YouTube, mtandao wa video ulioanza mwaka 2005. Sasa ndugu zetu wa Houston, walio mbali nasi kwa mwendo wa saa nne za gari, wanataka chaneli yao. Akina mama wanataka ya malezi na mapishi. Vijana wanataka ya Kiingereza. Walimu wa madrasa wanataka ya watoto. Kila mmoja ana hoja, wala hatuoni wa kulaumiwa. Lakini je, tuna mikono ya kutosha?

Kwanza tutazame hesabu. Chaneli haianzi kugawiwa pato kamili la matangazo ya biashara mpaka iwe na waliojiandikisha 1,000, na video zake ziwe zimetazamwa saa 4,000 katika miezi 12 (au video fupi zitazamwe mara milioni 10 katika siku 90). Kila chaneli huhesabiwa peke yake. Chaneli nne zenye watu 300 kila moja hazifiki popote, ijapokuwa jumla yao ni 1,200. Nasi hatukuianza kazi hii kwa ajili ya fedha. Lakini hesabu hiyo inaonyesha jinsi nguvu iliyogawanywa inavyopotea.

Pili, kuna kazi yenyewe. Kurikodi ni nusu tu. Baada yake huja kukata, kusafisha sauti, kuandika kichwa cha habari na kujibu maoni. Anayefanya hayo kwetu ni mtu aliyetoka kazini usiku. Mshika mbili moja humponyoka. Mshika tano je? Chaneli iliyolala miezi sita huwavunja moyo watazamaji. Na kina bibi zetu walioko Unguja, Mombasa na Lamu, wanaofungua simu kumsikiliza mjukuu akisoma Qur'ani, tutawaambia wamtafute katika chaneli ipi?

Wazee wetu walikwisha kutuonyesha njia. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Mombasa kijarida cha Sahifa mwaka 1930, kisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Al-Islah lilichapishwa kwa Kiswahili na Kiarabu: gazeti moja, lugha mbili. Nasi twaweza kufanya hivyo hivyo, kwani chaneli moja hukubali kugawanywa kwa orodha za video: orodha ya Houston, ya akina mama, ya vijana kwa Kiingereza. Mtazamaji huchagua mlango wake, na nyumba hubaki moja.

Hata hivyo, jambo la watoto ni mbali. Marekani ina sheria ya mwaka 1998 inayolinda habari za watoto walio chini ya miaka 13 katika mitandao. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 kwa madai ya kuivunja. Tangu Januari 2020 kila mwenye chaneli hutakiwa aseme kama video yake ni ya watoto. Ikiwa ndivyo, maoni hufungwa, na matangazo yanayomlenga mtazamaji kwa tabia zake huzuiwa. Sheria hailazimishi chaneli ya pili, kwani video moja moja huweza kutiwa alama hiyo. Lakini mama anayempa mwanawe simu huku anapika anahitaji mahali ambapo video ya alifu na be haikai jirani na mjadala wa watu wazima juu ya talaka.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: chaneli mbili, wala zisizidi. Moja ya jamii nzima, Dallas na Houston pamoja. Moja ya watoto. Atakaye ya tatu na alete kwanza video kwa mwaka mzima katika orodha yake; akidumu, tutakaa tena tushauriane.

Tunaongeza masharti mawili. Ufunguo usiwe kwa mtu mmoja. YouTube huruhusu watu kadhaa kupewa madaraka katika chaneli moja, kila mmoja kwa anwani yake, bila kupeana neno la siri; basi wawe watatu, na mmoja wao atoke Houston. Na uso wa mtoto au mkusanyiko wa akina mama usionyeshwe bila idhini yao au ya wazazi, kwani picha iliyokwisha kutoka hairudi yote.

Tuzungumze haya majumbani kabla ya kikao, na watoto wawepo. Wao ndio watakaorithi Kiswahili hiki, au watakaokikosa.

Wabillahi tawfiq.