Kusoma bila kuacha wagonjwa: waganga na wauguzi walio kazini na shahada ya reanimasio

Mashariki mwa Congo, muuguzi anayetaka kuongeza masomo hukutana kwanza na swali moja: nani atabaki na wagonjwa? Katika hospitali nyingi watu wa zamu ni wachache. Mmoja akienda kusoma miaka miwili Kinshasa, Kampala ao Nairobi, nafasi yake inabaki wazi, na familia yake inabaki bila mshahara.

Vyuo vikuu kadhaa vimeleta jibu: masomo ya muda. Mtu anaendelea na kazi, anasoma jioni ao siku za mapumziko, na shahada inapatikana hatua kwa hatua. Kwa utunzaji wa wagonjwa mahututi, kazi ambayo wengi huku wanaiita reanimasio, njia hiyo ina faida ya pekee.

Mwaka 2025, jarida la tiba The Lancet lilitangaza uchunguzi uliofanywa katika hospitali za nchi 22 za Afrika. Mgonjwa mmoja kwa kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi. Karibu saba kwa kumi kati yao hawakuwa katika chumba cha reanimasio. Walilala katika vyumba vya kawaida pamoja na wagonjwa wengine. Mmoja kwa watano alikufa ndani ya juma moja. Kati ya wale walioshindwa kupumua vizuri, ni karibu nusu tu waliopewa oksijeni.

Hesabu hizo zinaonyesha ni nani anayepashwa kufundishwa. Si mtaalamu wa mji mkuu peke yake. Ni muuguzi wa A2, A1 ao A0 ambaye yuko peke yake saa nane ya usiku katika chumba cha vitanda vingi, na mganga wa zamu anayeitwa kutoka jengo lingine. Hao ndio wanaoona kwanza kwamba mgonjwa anaanza kushuka.

Wanachojifunza hakianzi na mashini. Wanajifunza kuhesabu pumzi, kupima presha na mapigo ya moyo, kuangalia kama mgonjwa anajitambua na kama anakojoa. Wanajifunza kutambua mapema maambukizi yaliyoenea katika damu, kutoa oksijeni kwa kipimo, kumpa maji ya mshipa asiyazidishe, na kujua wakati wa kumhamisha mgonjwa. Mwaka 2021, wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana juu ya orodha ya matendo 40 ambayo kila mgonjwa mahututi anapashwa kupata katika kila hospitali. Mashini ya kupumulisha haimo katika orodha hiyo.

Mfano mmoja wa masomo haya ni shahada ya master ya chuo kikuu cha Edinburgh, Uingereza, ambayo waganga, wauguzi na wataalamu wengine wa afya wanaifuata kwa intaneti, wakiwa kazini kwao. Kwa kanuni ya Uingereza, master ni krediti 180, na krediti moja ni kazi ya masaa 10 hivi. Mtu anayegawanya masomo katika miaka mitatu anafanya krediti 60 kwa mwaka, ni kusema masaa 600. Kwa majuma 40 ya masomo, hayo ni masaa 15 kila juma, juu ya zamu zake za kazi.

Jirani na Congo, chuo kikuu cha Aga Khan kilianza mwaka 2001 kuwafundisha wauguzi wa Kenya, Uganda na Tanzania bila kuwatoa kazini. Chuo kikuu cha Rwanda na kile cha Muhimbili, Dar es Salaam, navyo vina master ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Kinshasa, ISTM ina tawi la anestezi na reanimasio. Masomo ya jioni pia si kitu kigeni kwa Wakongomani: vyuo vingi vya nchi vinapokea wafanyakazi wanaotoka kazini.

Lakini vizuizi vipo. Cha kwanza ni lugha: programu nyingi za intaneti zinafundishwa kwa Kiingereza, na muuguzi wa Goma ao Bunia amesoma kwa Kifaransa. Cha pili ni pesa. Misaada ya masomo ya mbali ya Jumuiya ya Madola inatolewa kwa raia wa nchi wanachama, na Congo si mwanachama. Pia, M23 ilipochukua Goma mwezi wa Januari 2025, mabenki yalifungwa. Kulipa chuo cha ng'ambo kukawa shida kubwa. Ongeza bei ya mega na umeme unaokatika.

Cha tatu kinasahauliwa mara nyingi: kutambuliwa kwa diplome. Katika mfumo wa LMD, master ya Congo ni krediti 120. Krediti 180 za Uingereza ni sawa na 90 kwa hesabu ya Ulaya. Anayetaka diplome yake ihesabiwe katika cheo na mshahara anapashwa kuuliza habari za ekivalansi kwenye wizara ya elimu ya juu kabla ya kulipa.

Kuna pia hatari kwa mgonjwa mwenyewe. Mtu aliyesoma mpaka usiku wa manane kisha akaingia zamu amechoka, na uchovu unaleta makosa ya dawa. Ndiyo maana masomo haya yanahitaji mapatano na hospitali: zamu za usiku zisifuatane wakati wa mitihani, na masaa machache ya juma yaachwe kwa masomo. Hospitali nayo ina haki ya kuomba kitu: kwamba mwanafunzi awafundishe wenzake anachojifunza, na asihamishwe mara moja kwenda huduma nyingine.

Katika siku hizo za Januari 2025, hospitali za Goma, kati yao CBCA Ndosho, zilipokea majeruhi kupita idadi ya vitanda. Wakati kama huo hakuna nafasi ya kumtuma mtu masomoni. Anayejua kupanga nani atibiwe kwanza, nani apewe oksijeni na nani anaweza kungoja, anapashwa kuwa tayari yuko ndani ya hospitali.

Kwa anayefikiria kujiandikisha, maswali ya kuanza nayo ni manne: masomo yanachukua masaa mangapi kwa juma? Yanafundishwa kwa lugha gani? Diplome itatambuliwa Congo? Na mkuu wa hospitali amekubali kwa maandishi? Kama jibu moja halijapatikana, ni vizuri kulitafuta kabla ya kutoa dola ya kwanza.